Madini Joto

Mume wangu ananicheka kwa jinsi ninavyofunika kopo la chumvi. Anasema hata watoto wetu sikuwahi kuwafunika hivyo, na wao ndio walikuwa wanakohoa upepo wa ziwa ukianza kuvuma. Namwacha acheke. Kopo letu lina mfuniko wa kukaza, linakaa kabatini upande usiopigwa na jua, na atakayeliacha wazi, awe mgeni au mwenyeji, ataisikia sauti yangu kutoka chumba chochote cha nyumba hii ya Kiseke. Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho, aliyerithi ulimi wa marehemu bibi yangu, alisimama jikoni akasoma pakiti kwa sauti: "Chumvi safi, yenye madini joto." Kisha akaigusa. "Mama, haya madini joto ndiyo yapi? Mbona chumvi yenyewe ya baridi?" Nilikuwa nakata vitunguu, na nikashukuru Mungu kwamba nilikuwa nakata vitunguu.

Swali hilohilo lilinijia nikiwa na umri wake. Tofauti ni kwamba yeye kauliza. Mimi nilijijibu mwenyewe, na jibu langu nusura limpotezee mama yangu nyumba yake.

Tulikuwa tunakaa Kirumba, juu mlimani, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe pande tatu. Wageni wakiyaona yale mawe hushangaa yamesimamaje siku zote hizo bila kuporomoka. Sisi watoto hatukushangaa chochote, kwetu yalikuwa ukuta, ngazi na mahali pa kujificha ukikosa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe moja pana lililolala kama mkeka, na hilo lilikuwa la mama. Kila kulipokucha alishuka soko la Mwaloni kununua dagaa wabichi, akapanda nao kwenye ndoo kichwani, na jua lilipochomoza vizuri tayari wameshasambazwa jiweni, wanameta. Wenzake wengi walianika kule chini mchangani. Mama hakukubali, alisema dagaa wa mchangani humsaga mteja meno. Jioni akizunguka kuuza alikuwa na wito wake mwenyewe: "Dagaa wa jiweee! Hawana mchangaaa!" Sauti ile ilipanda mlima mzima. Nikiwa nyumbani niliweza kujua amefika wapi kwa kusikiliza tu: sasa yuko kwa fundi baiskeli, sasa yuko bombani, sasa anakaribia, nifiche nilichovunja.

Sijui hasa ni lini alianza kupungua. Nasema kupungua ingawa uso wake ulikuwa unajaa, na macho yakawa kama ya mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka. Alianza kuvaa sweta la baba, lile la kijivu, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Ngozi ya mikono yake ikakauka, akinipaka mafuta ilinikwaruza. Alianza kusahau: kwenda dukani akarudi mikono mitupu, kuniita kwa jina langu, Kabula, kisha akanitazama tu kwa sababu alichoniitia kimeshapotea. Kilichonitisha zaidi ni sauti. Ikawa nzito, ya kukwaruza, kama ya mvulana anayebalehe, na siku moja nikagundua kwamba wito wake siusikii tena. Alikuwa anakaa nyuma ya fungu lake la dagaa kimya, anasubiri mtu amwone.

Halafu kuna siku aliketi kando ya jiwe kuwalinda dagaa na kunguru, akapitiwa na usingizi. Mvua ikaja kutoka ziwani, ile isiyopiga hodi. Dagaa wote wakaenda na maji, wakateremka mlimani mpaka kwenye vibaraza vya watu, na mama akaamka amelowa, anatazama tu.

Siku hiyo ndiyo Bibi alilitamka lile neno. Bibi huyu ni mama yake baba. Alikuja kutoka kijijini upande wa Magu kututembelea wiki mbili, akakaa miaka. Alikuwa mfupi, mwenye kauli, na herufi za l na r alizichanganya kadiri alivyopenda. "Mwanamke gani analala jua linawaka?" alisema, hakujali nani anasikia. "Mwanangu ameoa mvivu." Mama alikuwa anakamua sweta taratibu sana, kila tone peke yake.

Shingo tuliiona baadaye. Mama alikuwa na desturi ya kujitanda kanga, na siku hiyo ilimdondoka akiwa ameinama kwenye moto. Mbele ya koo palikuwa pamejaa, laini, pakubwa kama andazi.

"Lovu!" Bibi alishika mdomo. "Hili si ni lovu? Mkwe wangu, nani amekuloga?"

Mimi sikufikiria uchawi. Kwa akili yangu jambo lilikuwa wazi kabisa: wito wa mama ulikuwa umekwama. Alikuwa ameumeza siku moja kwa bahati mbaya na sasa umekaa pale shingoni, hauwezi kupanda wala kushuka. Nilitamani mtu ampige mgongoni, kama tunavyompiga aliyekwamwa na mwiba.

Kwetu kulikuwa na desturi, na sitaipamba. Mke akiugua ugonjwa usioeleweka, hurudishwa kwao akatibiwe na wazazi wake. Haikuitwa kuacha wala kufukuza. Iliitwa kumpeleka akapumzike. Nilimjua jirani yetu aliyepelekwa Musoma akapumzike, na aliyekuja baadaye kuchukua sufuria zake alikuwa kaka yake. Kwa hiyo nilipomsikia Bibi akimwambia baba, "Tumludishe kwao Ukelewe akapumzike," nilielewa neno moja moja.

Baba alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, mtu mpole ambaye injini zilimsikiliza kuliko watu. Alisugua mikono yake kwa kitambaa chenye grisi mpaka nikadhani itatoboka. "Mama, tusubiri kidogo," alisema.

"Nampa mbalamwezi tatu," Bibi akajibu.

Ndivyo tulivyohesabu siku. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika na sokoni hapana kazi. Mbalamwezi ndio wakati wa kusafiri, kuoa, na kuwapeleka watu wakapumzike. Tatu zilionekana nyingi kwangu.

Mama alikwenda zahanati na mimi nikamsindikiza. Niliachwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, na masikio yangu nikayaacha ndani. Nesi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kujaa. Nilisikia habari za tezi ya shingo, kwamba ya mama imeishiwa, ndiyo maana anasikia baridi na usingizi. Nilisikia pia kwamba aende hospitali kubwa akapimwe damu, lakini hilo mama alilisahau njiani kama alivyosahau kila kitu siku zile, na mimi sikulishika kwa sababu nilikuwa nimeshashika jingine.

"Umekosa madini joto, mama Kabula," nesi alisema. "Hiyo chumvi ya mawe mnayopimiwa kwa kopo sokoni, achana nayo. Nunua ya pakiti, yenye madini joto. Na usiseme mimi nakula samaki kila siku. Samaki wa ziwa si samaki wa bahari."

Madini joto! Neno madini nililijua vizuri. Baba mdogo alikuwa anachimba Geita, na kila alipokuja alituambia kwamba madini ni jiwe, ila si kila jiwe ni madini. Neno joto hata mtoto anayetambaa analijua. Basi madini joto ni jiwe lenye joto ndani yake, na mama alikuwa na baridi kwa sababu lilikuwa limemwishia mwilini. Hesabu ilikubali. Nilichoshangaa ni kwamba watu wazima wanahangaika kwenda mbali kutafuta kitu hicho, wakati sisi wa Kirumba tumezungukwa nacho mpaka tunakikalia.

Pakiti ilinunuliwa siku hiyohiyo. Nilipobaki nayo peke yangu jikoni nikaigusa, na ilikuwa ya baridi kabisa. Nikaelewa tatizo. Duka la pale bondeni lilikuwa na giza kama pango, na chumvi ilikaa humo mpaka joto lake likazimika. Ilihitaji kurudishiwa. Na katika nyumba yetu kazi zote za namna hiyo zilifanywa na jua. Jua lilitukaushia dagaa, likamkaushia Bibi viazi vyake vya michembe, likaua kunguni wa godoro, likatibu mafua. Sikuwahi kuona kitu kilichoanikwa kwetu kikatoka kibaya.

Kwa hiyo kila nilipotoka shule, mama akiwa amelala, nilichukua sinia nikamwaga chumvi yote, nikaitandaza kwa kidole ikawa nyembamba, nikaiweka juu ya jiwe la mama, katikati, pale palipoungua zaidi. Niliilinda dhidi ya kuku. Kabla ya wakati wa kupika niliirudisha kwenye kopo ikiwa ya moto, nikaweka shavu kwenye bati la kopo nikahakikisha. Nilijiona daktari.

Na sikuishia hapo. Nilitafuta vijiwe bapa, ukubwa wa kiganja, nikavipanga juu ya jiwe kubwa vinywe joto. Kilichoshinda vingine nilikifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu nikakipeleka chumbani na kukiweka kwenye nyayo za mama. Miguu yake ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyesimama ziwani. Alifungua macho kidogo, akasogeza miguu ikumbatie kijiwe.

"Asante, mwanangu," alisema kwa ile sauti ngeni. "Hili ni zuri kuliko la jana."

Nilirudi kutafuta la kesho.

Mbalamwezi ya kwanza ikapita, na ya pili. Mama hakubadilika, labda alizidi. Alianza kusinzia akiwa na tonge mkononi. Bibi alisema mtu anakula chumvi ya dukani kama tajiri na shingo ndiyo kwanza inanenepa. Nami nikaona kosa langu liko wapi: jua lilikuwa halitoshi. Siku za mapumziko nikaanza kuitoa chumvi asubuhi na kuirudisha jioni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Bibi alikuwa anamtafuta mchawi mtaa mzima, na mchawi alikuwa juu ya jiwe na sinia, amevaa sare ya shule.

Mbalamwezi ya tatu ilipoanza kujaa, sanduku la bati la mama likatolewa uvunguni. Nililiona limefunguliwa kitandani, ndani kuna kanga mbili na vitambaa vya kufuma alivyopewa na dada zake. Mama alikuwa anakunja gauni, anasahau, analikunjua, anaanza tena. Nikakaa juu ya sanduku. Aliponiambia niondoke sikuondoka, na yeye hakuwa na nguvu za kuniondoa, akakaa pembeni yangu, tukakaa hivyo wote wawili juu ya safari yake.

Hapo ndipo baba aliposema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. "Mama, kabla hajapanda meli, turudi kwa yule nesi. Twende wote. Ukisikia kwa masikio yako mwenyewe, nitafuata utakalosema." Bibi akakubali haraka, maana alijua tayari atakalosema. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Mimi nikapewa kopo la chumvi nilibebe, kwa sababu nesi alishaagiza kwamba mama akirudi aje na chumvi anayotumia.

"Shikamoo, bibi," nesi alimwamkia.

"Malahaba," Bibi akaitikia, akakaa wima kama hakimu.

Safari hii sikuachwa nje, maana kopo lilikuwa mikononi mwangu. Nesi alichota chumvi yake mwenyewe akaiweka kwenye kisahani, akadondoshea dawa kutoka kichupa kidogo. Ikageuka zambarau iliyoiva, nzuri, kama wino. Kisha akachota ya kwetu, akadondosha. Tukasubiri. Ikapata kivuli tu cha rangi, kama nguo iliyofuliwa mara mia.

"Hii chumvi imekaa wapi?" aliuliza. "Madini joto ni dawa inayochanganywa kwenye chumvi. Jua linaila, inapeperuka. Ndiyo maana tunasema ifunikwe, tena itiwe chakula kikikaribia kuiva. Hii imeanikwa. Nani ameianika?"

Viganja vyangu vililowa mpaka kopo likataka kuniteleza. Mdomo ulikauka, ulimi ukashikana na kaakaa, moyo ukawa unapiga masikioni. Leo najua hata hayo yalikuwa ni mambo ya tezi. Za jasho zilikuwa zinamwaga, za mate zimefunga, na zile mbili zinazokaa juu ya figo zilikuwa zinapiga mbiu ya hatari mwili mzima kwamba huyu mtoto akimbie. Nilitaka kweli kukimbia. Nilitaka kusema pia. Sikufanya lolote.

"Ni mimi, nesi," mama alisema.

Nilimtazama. Hakunitazama.

"Nilidhani jua litaiongezea nguvu," akaendelea, polepole, na kila neno likikwaruza.

"Mmeona?" Bibi aliinua mikono. "Mvivu, na sasa mjinga! Mimi nimeshasema, aende kwao."

Nesi aliweka kalamu mezani. "Nani mvivu, bibi?"

"Huyu. Analala mchana kama mtoto mchanga."

"Sikiliza, bibi yangu. Mwilini tuna tezi nyingi. Zipo za machozi, za mate, za jasho. Hizo kila moja ina mfereji wake wa kutolea nje. Hii ya shingo haina mfereji. Iko hapa, ndogo, umbo lake kama kipepeo, na kazi yake ni kutengeneza kitu kinaitwa homoni, inakimwaga kwenye damu humohumo. Damu inakipeleka kila mahali, kinauambia mwili: moyo piga, chakula geuka nguvu, ngozi pata joto, mtu aamke. Lakini kukitengeneza lazima ipate madini joto. Sasa ikiyakosa, kuna tezi nyingine chini ya ubongo, ndogo kama harage, hiyo ndiyo msimamizi. Inaona kazi haiendi, inaanza kupiga kelele: fanya! Ongeza! Mbona unalala!"

Nilimjua mtu wa namna hiyo, na alikuwa amekaa palepale amevaa kitenge.

"Basi hii ya shingo inajitahidi," nesi aliendelea. "Haina kitu cha kufanyia kazi, lakini inasukumwa, inajitahidi, mpaka inavimba. Hili rovu unaloliona halikuvimba kwa uvivu, bibi. Limevimba kwa kujituma. Wewe umelima maisha yako yote. Ukimpa mtu shamba ukamnyima jembe, akachimba kwa mikono mpaka ikavimba, utamwita mvivu?"

Bibi alitazama viganja vyake, vilivyokuwa na sugu ngumu kama kwato, akavigeuza, akavigeuza tena. "Na hiyo harage," alisema mwishowe kwa sauti ndogo, "hainyamazi?"

"Inanyamaza mwenzake akisaidiwa."

Tulikwenda hospitali kubwa siku iliyofuata, damu ikapimwa, na daktari akampa mama vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya chai, maisha yake yote. Alisema chumvi peke yake isingetosha, tezi ilikuwa imechoka muda mrefu. Maneno hayo ya kunisamehe nilikuja kuyaelewa ukubwani. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nilikuwa nimemwibia mama dawa yake kwa sinia, siku baada ya siku, na kwamba amebeba kosa langu mbele ya Bibi.

Sanduku likarudi uvunguni. Bibi hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alichofanya ni kulichukua kopo la chumvi kuwa mali yake. Alilifungia kitambaa juu ya mfuniko, akaliweka mahali nisipofika, na yeyote aliyechelewa kulifunga alipigiwa ukelele: "Funika madini!" Alisema hivyo kwa wageni. Alisema hivyo kwa mchungaji. Asubuhi alimpelekea mama kidonge na maji kwenye kikombe chake mwenyewe cha bati, akasimama pale mpaka kimezwe. Ile harage ilikuwa imebadilisha tu wimbo.

Haikuwa haraka. Kwanza mama alimrudishia baba sweta. Kisha akaanza kukumbuka alichoniitia. Shingo ilinywea kidogo kidogo, haikuisha kabisa. Akarudi Mwaloni, akarudi jiweni. Jioni moja nilikuwa nje nasugua sufuria kwa majivu, Bibi yuko kwenye michembe yake, na kutoka chini kabisa, kama kwa fundi baiskeli, tukasikia kitu. Bibi akainua mkono ninyamaze ingawa sikuwa nasema. Kikaja tena, kutoka bombani, bado chenye mkwaruzo, lakini kinapanda: "Dagaa wa jiweee! Hawana mchangaaa!"

"Anapiga kelele huyu mwanamke," Bibi alisema. Halafu akaingia jikoni akainjika maji ya chai, kazi ambayo sikuwahi kumwona akimfanyia mkwe wake.

Nilikaa na kosa langu miaka mingi, nikakua nalo, nikaolewa nalo. Nilikuja kumwambia mama nikiwa na mimba yangu ya kwanza, baada ya nesi wa kliniki kutuhubiria habari za madini joto hadi nikatoka nje kupunga hewa. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia yote, sinia, kuku, shavu kwenye kopo. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Kwani ulidhani sijui? Dirisha la chumbani lilikuwa linatazama jiwe. Nilikuwa nakuona kila siku."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

Aliokota mchele punje kwa punje kabla ya kujibu. "Bibi yako alikuwa ameshanipa jina la mvivu. Jina la mjinga lisingeniongezea uzito. Wewe ulikuwa bado mdogo, hujapewa jina lolote."

"Na chumvi ungenikataza basi."

"Mimi nilikuwa najua kwamba jua linaiua? Nami nilidhani unanitibu." Akacheka tena. "Halafu, yale mawe yako, Kabula. Katika baridi yote ile, mahali pekee nilipokuwa nasikia joto ni penye jiwe lako."

Mwaka huu, kiangazi kikianza, mama amefariki hapa kwangu. Haikuwa tezi iliyomwondoa. Kidonge chake alikuwa amekimeza asubuhi, akanywa chai, akaomba kiti chake kitolewe nje, na moyo uliochoka ukasimama hapo. Tulimlaza kitandani kwake, mimi na mama mdogo aliyekuwa amekuja kumwona kutoka Ukerewe, tukakaa kusubiri wanaume waje na gari. Nikamfunika vizuri, na katika kumfunika mkono wangu ukagusa nyayo zake.

Mimi ni mtu mzima, nimesoma, najua mwili ukinyamaza hakuna kinachourudishia joto. Lakini nilijikuta nimeshatoka nje. Jua lilikuwa kali. Kando ya ukuta wetu kuna mawe, Kiseke nako hakujapungukiwa, nikachagua moja bapa, la ukubwa wa kiganja, nikaliweka shavuni kuhakikisha. Nikalifunga kwenye kanga, nikaingia, nikalisogeza miguuni mwake.

"Hilo la nini, mwanangu?" mama mdogo aliuliza.

Nilifungua mdomo, sauti ikakwama palepale, mbele ya koo. Mama mdogo alinitazama, kisha akainua shuka kidogo ili jiwe likae vizuri. Wanaume walipofika aliwaambia wasubiri nje kidogo, wakasubiri, na hakuna aliyeliondoa mpaka lilipopoa lenyewe.